Muulize Mwalimu: "Shemeji anauziwa vidonge vya kurekebisha RNA"

Barua za mwezi huu karibu zote zimeelekea kwenye ini. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko kawaida yangu, na mkifika katikati mtajua kwa nini.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mdogo wake mume wangu ana miaka 41. Mwezi Machi alikutwa na uvimbe kwenye ini, madaktari wakasema ni saratani, na kwamba alikuwa na homa ya ini B siku nyingi bila kujua. Sasa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ameingia kijana anauza vidonge, kopo moja shilingi 240,000, na dozi ni makopo matatu. Karatasi yake inasema saratani ya ini inatokana na "alama za RNA zilizopotea", na vidonge hivyo "vinarudisha methili". Anasema wanasayansi wa China wameshathibitisha. Mume wangu anataka kuuza kiwanja chetu cha Kihonda. Hizo alama zipo kweli? Na kama zipo, wanangu watazirithi? Nimekutumia picha ya kopo. — *Mama wa watatu, Morogoro*

JIBU: Marahaba mama, na poleni sana na kuuguza.

Kiwanja kisiuzwe. Mwambie mume wako hilo leo, mengine mtayasoma pamoja jioni.

Alama zipo. Hapo kijana hakudanganya. Nikueleze zilivyo, ili mkikaa naye usionekane mtu asiyetaka shemeji yake apone.

Utotoni Tanga nilisoma chuo kwa maalim mmoja asiyecheka. Juu ya mistari ya msahafu kuna herufi ndogondogo. Ukiona mim, simama. Ukiona lam-alif, usisimame. Ukiona jim, hiari yako. Hakuna hata moja inayobadilisha neno lenyewe. Lakini mtoto aliyeyatamka maneno yote sawasawa akazipuuza alama hizo alirudishwa mwanzo wa ukurasa, na fimbo juu.

Seli zetu nazo zina mambo hayo. DNA ni kitabu kikuu kinachofungiwa kabatini, hakitoki. Seli ikihitaji protini fulani inanakili ukurasa mmoja tu, na nakala hiyo ndiyo RNA. Nakala imeandikwa kwa herufi nne: A, U, G na C. Juu ya baadhi ya zile A, kimeng'enya hubandika kitu kidogo sana kiitwacho methili, kaboni moja na haidrojeni tatu. Kinabandikwa kwenye nafasi ya sita ya herufi, ndiyo maana wataalamu wanakiita m6A. Neno halibadiliki. Kinachobadilika ni hatima ya nakala: isomwe mara nyingi, itunzwe, au itupwe haraka. Tena alama hizi hukusanyika zaidi karibu na pale mtambo wa seli unaosoma nakala unapotakiwa kusimama. Niliposoma hilo mara ya kwanza nilicheka peke yangu ofisini nikamkumbuka maalim.

Ini limo kwenye kisa hiki tangu mwanzo. Mwaka 1974, Desrosiers, Friderici na Rottman wa Chuo Kikuu cha Michigan State, Marekani, walipotangaza kwamba RNA inayobeba ujumbe ina methili, seli walizotumia zilikuwa za saratani ya ini ya panya. Mwaka 2012 watafiti wa Israel walichora ramani ya alama zaidi ya 12,000 kwenye nakala za jeni, yaani kurasa za kile kitabu, zaidi ya 7,000, na seli zao za binadamu ziliitwa HepG2, kizazi cha uvimbe wa ini wa kijana wa miaka 15 wa Argentina. Si kwamba walikuwa wakitafuta tiba ya ini. Walihitaji seli za kufanyia kazi, na hizo zilikuwepo.

Kwenye shughuli hii kuna makundi matatu, na wataalamu wenyewe wanayaita waandishi, wafutaji na wasomaji. Mwandishi mkuu anaitwa METTL3. Mfutaji wa kwanza, FTO, alijulikana mwaka 2011, na kabla ya hapo jina lake lilikuwa limevuma mwaka 2007 kama jeni inayohusiana na unene. Kupatikana kwa mfutaji ndiko kulikowasha moto utafiti wote huu, kwa sababu kitu kinachofutika kinaweza kuchezewa na dawa. Wasomaji ni protini zinazoiona alama na kuamua la kufanya. Mmoja wao, YTHDF2, kazi yake kubwa ni kuipeleka nakala jalalani.

Sasa tuje kwenye saratani yenyewe. Mwaka 2018 watafiti wa Hong Kong walionyesha kwamba kwenye uvimbe wa ini wa wagonjwa wengi METTL3 imezidi. Inaandika alama kwenye nakala ya jeni iitwayo SOCS2, YTHDF2 anaiona, nakala inavunjwa. SOCS2 ni breki ya ukuaji wa seli. Breki ikiondolewa, gari linateremka mlima.

Umeona jambo hapo, mama? Alama hazikupotea. Zimezidi.

Ndipo nilipoifungua picha yako ya kopo. Humo mna asidi ya foliki, vitamini B12 na methionini. Ni kweli mwili hutumia vitu hivyo kutengeneza methili, na huyo kijana, au aliyemwandikia karatasi, amesoma kidogo. Lakini vitamini haichagui ibandike alama kwenye A ipi, ya nakala ipi, kwenye kiungo kipi. Na dawa ya kweli inayofanyiwa kazi inakwenda upande wa pili kabisa: inamzuia mwandishi. Mwaka 2021 kundi la Cambridge, Uingereza, lilitangaza kemikali iitwayo STM2457 inayoifunga METTL3, wakaijaribu kwa panya wenye saratani ya damu. Ndugu yake, STC-15, ilianza kujaribiwa kwa wagonjwa wa saratani mwaka 2022. Kujaribiwa, si kuuzwa. Hadi ninapoandika haya hakuna dawa ya kurekebisha alama za RNA iliyoidhinishwa kwa saratani ya ini popote, si China, si Marekani. Kwa hiyo mnachouziwa kwa shilingi 720,000 ni asidi ya foliki ambayo zahanati huwapa wajawazito, pamoja na B12 na methionini.

Kuhusu urithi: hapana. Nakala ya RNA kwa kawaida huishi saa kadhaa, nyingine dakika tu, kisha huvunjwa pamoja na alama zake. Wanao hawawezi kurithi alama za baba yao mdogo.

Ila wanaweza kuwa na kirusi. Hapa nitajisema.

Mwaka 1998 nilikwenda hospitali moja kumtolea damu mpwa wangu. Kesho yake muuguzi akaniambia dirishani, "Damu yako haifai," akamwita wa pili. Haifai kwa nini? Hakusema, nami niliona aibu kuuliza, nikidhani ni ule ugonjwa mwingine. Nilikuwa mwalimu wa baiokemia, mama, nikaondoka pale kimya kama mtoto aliyevunja chupa. Miaka 11 baadaye, kwenye vipimo vya safari, nikaambiwa nina homa ya ini B sugu. Tulipopimana nyumbani, wawili kati ya ndugu zangu wa tumbo moja walikuwa nayo. Marehemu kaka yetu mkubwa alikufa tumbo limejaa maji, na tulikuwa tumekubaliana ukoo mzima kwamba karogwa.

Kirusi hiki watu wengi Afrika hukipata wakiwa wachanga, kutoka kwa mama wakati wa kuzaliwa au kwa watoto wenzao. Mtoto mchanga akiambukizwa, mara 9 kati ya 10 hubaki nacho maisha yote. Mtu mzima akiambukizwa, hawafiki 5 kati ya 100. Ndiyo maana "saratani ya ini ya ukoo" mara nyingi ni kirusi cha ukoo. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wanaishi nacho, na wengi wao hawajui.

Basi fedha zianze hapa: mume wako, wewe, watoto, wakwe, ndugu wote wa shemeji, mpimwe homa ya ini B. Ni tone la damu. Asiye nayo achanjwe, sindano tatu ndani ya miezi sita. Aliye nayo aende kwa daktari, apimwe wingi wa virusi na hali ya ini, na kama ni wa kupewa dawa atapewa. Mimi nameza tenofovir kila usiku. Kidonge hicho kimo pia kwenye dawa za VVU, kwa hiyo jirani aliyeliona kopo langu alishanizika zamani. Kila miezi sita napigwa altrasaundi ya ini na kupimwa kwenye damu AFP, protini ambayo saratani ya ini huweza kuipandisha, kwa sababu uvimbe ukikutwa mdogo unaweza kukatwa au kuchomwa, na ukikutwa mkubwa maneno yanakuwa mengine.

Kwa shemeji mwenyewe, muulizeni daktari mambo mawili: je, anapewa dawa ya kirusi pamoja na matibabu ya saratani, na je, uvimbe uko hatua gani. Kuna vidonge vya kweli vya saratani ya ini iliyosambaa. Cha kwanza kabisa, sorafenib, kwenye jaribio lililotangazwa mwaka 2008 kiliwafikisha wagonjwa kwenye miezi 10.7 kwa wastani wa kati, wakati waliopewa kidonge kitupu walifika 7.9. Nakupa namba hizo ujue dawa iliyothibitishwa huzungumzaje. Muuza kopo hakukupa namba hata moja.

SWALI: Mwalimu, nasoma mwaka wa pili wa sayansi ya maabara. METTL3 na METTL14 hufanya kazi pamoja kama pacha. Mbona makala moja ya 2017 inasema METTL14 ikipungua saratani ya ini inasambaa, na ile ya 2018 inasema METTL3 ikizidi saratani inakua? Mmoja wao si amekosea? — *Mwanafunzi, Mbeya*

JIBU: Swali hili ningependa kulisikia kwa maprofesa kadhaa ninaowafahamu.

Umbo la hao pacha lilionekana vizuri mwaka 2016. METTL3 ndiye mwenye kalamu, yeye hubandika methili. METTL14 hana kalamu. Kazi yake ni kuishika RNA isiteleze na kumweka mwenzake sawa. Kwa hiyo umesema kweli, kuwatenganisha si rahisi.

Wale wa 2017 walifuatilia RNA ndogo iitwayo miR-126, ambayo huzuia kusambaa. Ili ikatwe na kuwa tayari kwa kazi, inahitaji alama. METTL14 ikipungua, alama zinapungua, miR-126 haikamiliki, seli zinatembea. Wale wa Hong Kong walifuatilia SOCS2, ambayo alama huiua. Alama moja, nakala mbili, matokeo kinyume. Ongeza kwamba wasomaji wenyewe hawafanani. Huyo YTHDF2 hutupa, lakini kundi la IGF2BP, lililoelezwa mwaka 2018, hutunza, na miongoni mwa nakala linazozitunza ni ya MYC, jeni ambayo saratani nyingi huipenda mno. Ukiuliza "m6A ni nzuri au mbaya?" umeuliza kama anayeuliza kama kusimama ni kuzuri au kubaya. Kusimama wapi?

Kinachonifurahisha zaidi ni kirusi chenyewe. Homa ya ini B ni kirusi cha DNA, lakini ili kizaliane hupitia kwanza kwenye RNA ndefu, halafu huigeuza kuwa DNA tena. RNA hiyo ina kipande kimoja kinachojirudia mwanzoni na mwishoni, na juu ya A ya mahali palepale hubandikwa m6A. Watafiti wa San Diego walionyesha mwaka 2018 kwamba alama ya mwanzoni inakisaidia kirusi kugeuza RNA kuwa DNA, na ya mwishoni inaharakisha kuvunjwa kwa RNA hiyohiyo. Kirusi kimoja, alama moja, huku inampa na huku inamnyang'anya. Ningekuwa na umri wako ningeomba kufanyia kazi hilo, tena kwa damu za wagonjwa wa kwetu, maana makala nyingi mno zimetoka kwa wagonjwa wa Asia Mashariki.

Na neno la pembeni. Utakutana na makala kwa mamia zinazochukua data za mtandaoni, zinahesabu jeni za waandishi na wasomaji, zinachora mistari miwili ya uhai wa wagonjwa inayoachana, halafu zinatangaza "kiashiria kipya cha saratani ya ini". Nimechoka nazo. Wingi wa mwandishi haukuambii ameandika wapi. Uliza kwanza: waliipima alama yenyewe, au walimhesabu mwenye kalamu tu?

SWALI: Chanjo ya korona ya Pfizer ilikuwa ya RNA iliyobadilishwa kikemikali. Mimi nilichanjwa mbili. Ndiyo chanzo cha saratani za ini tunazozisikia sasa? — *Dereva, Mombasa*

JIBU: Hapana, kaka. Kweli RNA ya Pfizer na ya Moderna imebadilishwa: herufi U imewekewa mbadala wake ili kinga ya mwili isiikurupukie kabla haijasomwa. Msingi wa ujanja huo uliwekwa na Katalin Karikó na Drew Weissman mwaka 2005, na mwaka 2023 wakapewa Nobeli. Lakini mabadiliko hayo yamo kwenye nakala iliyoletwa na sindano, nayo huvunjwa kama nakala nyingine. Haiendi kuwafundisha waandishi wako waandike vingine. Halafu tazama umri wa ugonjwa: saratani ya ini inayotokana na homa ya ini B huchukua miaka mingi kukomaa, kwa kawaida makumi. Anayegunduliwa leo alianza safari kabla korona haijasikika. Kapime homa ya ini B. Hilo ndilo swali lako la kweli.

SWALI: Nauza karanga na mahindi sokoni. Bwana afya amepita anasema sumukuvu inaleta saratani ya ini. Nayo inaharibu RNA? Nikizikaanga vizuri sumu si inakufa? — *Mfanyabiashara, Kibaigwa*

JIBU: Haifi, mama. Sumukuvu ni sumu inayotolewa na ukungu wa nafaka na karanga, na moto wa jikoni hauimalizi. Ugali wa mahindi yenye sumukuvu ni ugali wenye sumukuvu.

Nayo shabaha yake kubwa si alama za juu ya mstari. Inakwenda kabatini kwenye kitabu kikuu. Ikifika kwenye ini hugeuzwa kuwa kitu kikali kinachong'ang'ania herufi G za DNA, na ina mazoea ya kuharibu mahali pamoja kwenye jeni iitwayo p53, neno la 249, G ikawa T. Jeni hiyo ni mlinzi wa seli. Mwandishi wa methili ana mfutaji wake. Kosa hili likishanakiliwa kwenye kitabu halina mfutaji.

Likikutana na homa ya ini B ni balaa. Utafiti uliofanyika Shanghai na kutangazwa mwaka 1994 ulikuta waliokula sumukuvu bila kirusi walikuwa na hatari ya saratani ya ini mara 3 na ushei ya wengine, wenye kirusi peke yake mara 7, na wenye vyote viwili mara 59. Na hapo ni ile inayoua polepole. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui, mahindi yenye sumu nyingi yaliua watu 125 kati ya 317 waliougua, ndani ya miezi michache. Dodoma na Manyara nasi tulizika mwaka 2016.

Mahindi yaanike kwenye turubai au kichanja, usiyaanike kwenye udongo. Yakauke hadi chini ya asilimia 13.5 ya unyevu kabla ya kuyafunga. Kama huna kipimo, njia ya wazee ya chumvi kavu husaidia kukisia: weka punje kwenye chupa kavu pamoja na chumvi, tikisa, acha kidogo, chumvi ikigandia ukutani mwa chupa, rudisha juani. Viroba viwekwe juu ya mbao. Karanga zilizosinyaa, zenye ukungu au zilizobadilika rangi, zichambue utupe. Najua ni hasara, na najua kuna wanaozinunua kwa bei ya chini kusagia siagi ya karanga, ambako hakuna jicho litakaloziona. Usiwauzie. Wala usimpe ng'ombe wa maziwa, kwa sababu sumu hupita kwenye maziwa, na asubuhi utamnywesha mwanao kwenye chai.